Dohani Isiyofunikwa Siku ya Posa

Siku ile walikuwapo hawa. Mimi, dada mkubwa, niliyekuwa baba na mama wa nyumba ile bila ya mtu kuniuliza kama cheo hicho nakitaka. Mdogo wangu wa kike, mwenye posa yake, amekaa chumbani juu kama ada inavyotaka, na afadhali, kwa maana alikuwa akilia na wanja umemshuka mpaka kidevuni. Mdogo wetu wa kiume, kitinda mimba, aliyefahamu kila neno la Kiswahili na kulijibu kwa Kiingereza. Mjomba wetu wa Hounslow, mtaalamu wa mambo yote yasiyokuwa kazi yake. Shangazi yetu wa Peckham, na chetezo chake cha kufukizia udi. Upande wa wageni: mama wa kijana, baba wa kijana, na mshenga wao, mzee mwenye sauti nzuri aliyekuwa akitumwa karibu kila posa ya Wazanzibari hapa London. Kijana mwenyewe hakuwapo, kwa sababu hatakiwi kuwapo. Nyumba ya pili, dirishani, jirani yetu wa Kihindi tuliyemwita Masi, ambaye hakualikwa lakini hakuona kama hilo linamzuia kutazama. Na juu ya paa, wamejipanga kwenye dohani, kunguru. Hao nao hawakualikwa, ila kwa muda waliokaa pale walikuwa na haki zaidi ya nyumba ile kuliko sisi.

Haya nawaandikia wenye nyumba. Kila nikienda harusini au hitimani nakutana na vijana wetu walionunua nyumba za zamani za matofali, zenye meko ya ukutani sebuleni. Wananionesha picha kwenye simu kama wanaonesha mtoto mchanga. "Dada, tazama meko! Ya asili!" Mimi nauliza: "Na juu kumefunikwa?" Wananitazama kama niliyeuliza mtoto ni wa nani.

Basi niseme polepole. Dohani, njia ile ya moshi, ni tundu kwenye paa. Ungemwendea mzee yeyote kwetu ukamwambia umenunua nyumba, umemaliza kulipa mwanasheria na benki, na katikati ya paa pana tundu linaloweza kupitisha ndoo, nalo umeliacha wazi kwa makusudi, angekushika kichwa akusomee. Hapa London jambo hilo linaitwa haiba ya nyumba. Mvua inaingia, upepo unaingia, ndege wanaingia, na mwenye nyumba yuko chini anapangusa vumbi kwenye fremu za picha na kujiuliza ukutani pale pana unyevu wa nini.

Nyumba yetu ilikuwa Kingsbury, na bado ipo. Wazee wetu walifika nchi hii miaka ya baada ya mapinduzi, wakahangaika vyumba vya kupanga, mpaka baba akapata nyumba ile kwa taabu ambazo hakupenda kuzieleza. Jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kuliziba jiko la ukutani kwa ubao na kuubandika karatasi za ukuta, maua juu ya maua, hata ukawa huoni kama pale pana kitu. Alisema baridi ya nje haina sababu ya kupewa mlango wake peke yake. Kwa chini, kazi yake ilikuwa safi kabisa. Juu hakupanda. Alikuwa mtu wa karakana ya mabasi, si wa kupanda mapaa.

Baba akafariki, na mama hakukawia kumfuata. Nami nikaacha shule kabla ya mitihani, nikaenda kupanga sahani za chakula cha abiria wa ndege kwenye jiko kubwa karibu na uwanja wa Heathrow. Watu walinisifu. Walisema mayatima wale wamepata dada. Walipokwisha kusifu walirudi makwao, na mimi nikabaki na watoto, nyumba, na ile sauti iliyokuwa nyuma ya ubao kila majira ya kuchipua: vijiti vikianguka, kra kra, na baadaye watoto wa ndege wakilia njaa.

Walikuwa kunguru wadogo wa huku, wenye shingo ya kijivu. Unaposafiri mbali hivyo unatarajia kwamba kunguru angalau umewaacha Darajani, sokoni kwetu Unguja. Hawa hujenga ndani ya dohani. Huangusha vijiti mpaka kimoja kikwame, kisha hujenga juu ya kile kilichokwama, na mwaka wa pili hujenga juu ya mwaka wa kwanza. Hawana haraka, hawana kodi.

Aliyenifumbua macho ni Masi. Masi ni mama mdogo kwa Kigujarati, na yeye mwenyewe ndiye aliyetutaka tumwite hivyo. Alizaliwa Unguja mjini, akaondoka baada ya mapinduzi kama wengi wa kwao, na Kiswahili alichoondoka nacho alikiweka vizuri kama vyombo vya bibi harusi: hakuchanganya, hakupunguza. Siku moja alikuwa akianika nguo uani, akaniita kwenye ua.

"Weye mtoto. Dohani lako lina wapangaji."

"Nawasikia, Masi."

"Kusikia tu? Mie nimeweka kifuniko changu tangu mume wangu yuko hai. Kifuniko kidogo, kina wavu pembeni. Moshi unatoka, hewa inapita, mvua haingii, ndege haingii. Sasa weye unangoja nini? Wakuletee kadi ya harusi?"

Nikamwita fundi wa paa. Alikuja majira ya kuchipua, akapanda ngazi, akashuka, akatikisa kichwa. Kiota kina makinda, na sheria ya nchi hairuhusu kukigusa kiota kinachokaliwa. Tungoje mpaka makinda yaruke. Nilicheka, akadhani nimefurahi. Baba yangu alipofika nchi hii na kwenda kutafuta chumba, milango ilifungwa mbele ya pua yake na hakuna sheria iliyoshtuka. Kunguru, ambaye hakuomba viza wala hakupanga foleni, alikuwa haondoshwi mpaka watoto wake wamalize malezi. Basi mwenye nyumba, likumbuke hili: kifuniko huwekwa kabla ya ndege kuanza kujenga, au baada ya kuondoka. Katikati, weye ndiye mpangaji.

Makinda yakaruka. Nikataka kumwita fundi tena. Hapo Mjomba akaingia.

Mjomba alikuwa ndugu wa mama, na kwa kuwa ndiye mwanamme mzima aliyebaki karibu, alijiona ana sauti katika kila kitu chetu isipokuwa malipo. Alikuja Jumapili moja, akasimama barabarani mikono nyuma, akaliangalia paa muda mrefu kama anayeangalia mwezi wa Ramadhani.

"Usifunike," akasema. "Nyumba ni kama mtu. Ukimfunika pua atakufa."

Nilimjibu kwa adabu: "Lakini Mjomba, kifuniko chenyewe kina wavu. Hata pua ina vinyweleo vya kuzuia uchafu."

Mjomba akajigusa pua. "Hao mafundi wanakuibia. Niachie mimi. Nina mtu wangu."

Mtu wa Mjomba alikuwa maarufu katika familia yetu. Ndiye aliyekuwa aje kutengeneza mfereji wa maji, ndiye aliyekuwa amtafutie kitinda mimba kazi, ndiye aliyekuwa na gari rahisi. Hakuna aliyewahi kumwona. Majira ya pukutizi yakaingia, majani yakaanguka, dohani likabaki wazi, na mtu wa Mjomba alikuwa njiani.

Na hapo ndipo posa ilipokuja.

Mdogo wangu alikuwa amempenda kijana wa watu, kijana mzuri, na kijana alikuwa amempenda yeye. Sehemu hiyo ilikuwa rahisi. Kilichokuwa kigumu ni mama wa kijana. Maneno yake yalitufikia kabla yake mwenyewe, kwa kuwa London ni kubwa kwa wengine tu. Kwa sisi ni mtaa mmoja. Alisema: "Binti simkatai. Lakini kalelewa na nani? Msichana kalelewa na msichana. Nitakwenda mwenyewe nikaione nyumba." Kwa kawaida wanakwenda wanaume na mshenga, wanasema maneno yao, wanaondoka. Yeye alikuja kukagua.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba siku ile ilikuwa ya halwa na kahawa tu. Mdogo wangu alinambia jikoni, mikono yake imejaa unga: "Da' Mkubwa, akisema hapana, atamtii. Ni mama yake." Nikamwambia hatosema hapana. Nilisafisha nyumba ile mpaka nyuma ya vyombo. Niliazima kwa jamaa mashuka ya kutandika makochi. Kila kitu nilichoweza kukifikia kwa mkono nilikitakasa. Dohani sikulifikia.

Shangazi alitoka Peckham asubuhi, treni na basi mbili, chetezo amekifunga kwenye kanga kama mtoto. Alileta makaa yake na udi wake, kwa sababu makaa yetu na udi wetu alikuwa havipi heshima. Hapa ndipo tabu ilipoanza, maana kwenye dari ya sebule palikuwa na king'ora cha moshi, na king'ora kile kilikuwa na uadui na udi. Idi iliyopita kilipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje na nguo za kulalia.

"Kitoeni betri," alisema Shangazi.

"Hakitolewi," nikasema. Nilikuwa nalala nyumba moja na watu wawili ambao niliwaahidi wazee wetu marehemu kwamba nitawatunza.

Kitinda mimba akasema kwa Kiingereza kwamba tungeweza kuacha udi kabisa. Shangazi akamwangalia kwa huruma.

"Posa bila ya udi? Watadhani wameingia hospitali." Kisha akaugeukia ukuta wa maua, akaugonga kwa kidole, ukasikika mtupu. "Humu si ndimo Wazungu walimokuwa wakiwasha moto?"

"Ndimo, Shangazi, lakini—"

"Wamejenga njia ya moshi mpaka mbinguni, na nyinyi mmeiziba kwa karatasi. Leteni kisu."

Nilimwambia kuhusu kunguru. Nilimwambia kuhusu vijiti. Alinijibu kwamba yeye alianza kufukiza nyumba kabla mama yangu hajaolewa, na kwamba kunguru ni ndege, si tofali. Akachana karatasi za baba kama anayepasua jipu. Ubao ukatoka. Vijiti vichache vikamwagika miguuni, na unga kidogo mweusi, na harufu ya chumba kilichofungwa miaka. Nikafagia. Shangazi akakiweka chetezo katikati ya meko, akarudi nyuma akakitazama, na nikiri kwamba kilipendeza. Ungedhani meko ile ilijengwa kwa ajili yake.

Kengele ya mlango ikalia. Wageni.

Waliingia kwa salamu ndefu. Baba wa kijana na mshenga walikuwa wamevaa kanzu nyeupe, nyeupe ile ya kutia macho maji. Mama wa kijana alivaa buibui, akakaa pembeni ya kochi, akapitisha macho yake: mapazia, zulia, kona za dari, mimi. Sikuona alipoyasimamisha kwa kuridhika.

Shangazi akaweka udi juu ya makaa. Moshi ukapanda vizuri, ukaingia dohani, tukamwona Shangazi akituangalia mmoja mmoja ili tukumbuke nani alisema nini. Kisha moshi ukarudi. Ulirudi taratibu, kama mtu aliyegonga mlango akakuta watu wengine wamekaa. Ukaenea chini ya dari, ukashuka, ukakaa na wageni.

"Mashaallah," alisema baba wa kijana, machozi yakimtoka. "Udi wa kweli huu."

"Wa kweli kabisa," alisema mshenga, akakohoa, akaanza maneno yake kabla hajashindwa. "Ndugu zetu, sisi tumepita njiani, tukaona bustani, na ndani ya bustani tukaona ua—"

King'ora kikapiga.

Siwezi kueleza kelele ile kwa mtu asiyewahi kuposewa chini yake. Kitinda mimba akapanda kiti akaanza kukipepea kwa mto. Mama wa kijana akaziba masikio. Nikakimbilia dirisha nikalifungua. Mjomba, ambaye mpaka hapo alikuwa ametulia kama bwana wa nyumba, akasimama, akaenda jikoni, akarudi na fagio la kutolea utando, lile refu la mti.

"Mjomba, tafadhali usiguse."

"Kuna kitu kimeziba."

"Ndiyo, Mjomba. Ni kiota. Nilikwambia tangu—"

"Niache. Hili jambo la wanaume."

Akapiga goti mbele ya meko, akakisogeza chetezo pembeni, akaingiza fagio juu ya dohani mpaka mkono wake ukapotea begani, akasukuma. Akasukuma tena. King'ora kikanyamaza ghafla, kwa kuwa kitinda mimba amekivunja, na katika ukimya ule tukasikia kitu juu kabisa kikivuta pumzi.

Ilishuka miaka yote pamoja. Vijiti kwa magunia, masizi ya Wazungu waliokufa zamani, manyoya, udongo, mavi ya ndege, sufi, karatasi za peremende, soksi ya mtoto, na kipande cha leso yangu iliyopotea kwenye kamba nikamshuku jirani wa upande wa pili. Ilikuja mbichi kwa mvua na kavu kwa vumbi kwa wakati mmoja. Ikagonga meko, ikaruka, ikajaa chumba. Tulipoweza kufumbua macho, mshenga alikuwa bado ameinua kidole cha ua, na kidole chake, na uso wake, na kanzu yake vilikuwa rangi moja na tako la sufuria ya kuni. Baba wa kijana alikuwa hivyo hivyo. Mama wa kijana, kwa kuwa alivaa buibui, alionekana yuko salama mpaka alipotutazama. Palikuwa na macho mawili meupe na hasira. Juu ya sinia ya halwa kilikuwa kimekaa kitu kikavu ambacho zamani kilikuwa kinda.

Shangazi ndiye aliyezungumza wa kwanza. "Halwa haijaharibika," alisema. "Tukwangue juu tu."

Kutoka ghorofani tukamsikia mdogo wangu: "Da' Mkubwa? Wameshasema?"

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Masi hakugonga. Alisimama mlangoni pa sebule na sari yake ya pamba, akatazama meko, akamtazama Mjomba na fagio, kisha mimi.

"Nilikwambia, sikukwambia?"

"Ulinambia, Masi."

"Haya basi. Wainue wageni. Waje kwangu."

Lazima mjue chumba cha mbele cha Masi kilikuwa chumba gani. Kilikuwa na zulia la rangi ya maziwa ambalo hata mwanawe alilikanyaga kwa soksi tu. Makochi yalikuwa bado na plastiki. Kwenye kona palikuwa na kabati dogo la miungu yake, na taa, na maua mabichi. Mimi, jirani wa miaka yote ile, nilikuwa nimekaa ndani yake mara chache, na kila mara nilikaa kwenye ncha ya kochi. Sasa tulipita bustanini kama wachimba makaa waliopata likizo, tukaingia mlangoni mwake, na yeye amepiga magoti mbele yetu anatandika magazeti ya Kigujarati, moja baada ya jingine, mbio mbio, na miguu yetu inamshinda mbio.

Mjomba akasita kizingitini. Akaninong'oneza, lakini kunong'ona kwake ni kwa watu wote: "Posa mbele ya masanamu?"

Mama wa kijana akageuka. "Weye mwanamme, umetuposesha mbele ya kunguru. Songa mbele."

Masi akavuta pazia dogo la kabati lake. "Nao wapumzike," akasema. "Leo wageni wengi." Akatoa mataulo. Akaleta ndoo ya maji ya moto. Mshenga akavuliwa kanzu, akavishwa sweta la marehemu mume wa Masi, lenye vifungo vya ngozi, likamkaa vizuri kuliko kanzu. Kisha Masi akaleta chai ya tangawizi, akakaa kochi la katikati, ambalo ndilo la mwenye nyumba, na hakuinuka tena.

Mama wa kijana alikuwa akijifuta uso, na kila akifuta anazidi kueneza. Hatimaye akaweka taulo chini.

"Nataka kuuliza," akasema. "Katika nyumba ile, nani mama?"

Mjomba akakohoa. "Kwa kuwa mimi ndiye mjomba—"

"Wewe nimekuona," akasema mama wa kijana. "Nauliza mama."

Miaka yote nilikuwa na jibu la swali hilo kwa watu wa shule, wa hospitali, wa benki. Kwake sikuwa nalo, kwa sababu jibu lenyewe ndilo alilokuwa halitaki.

"Niulize mie," alisema Masi.

"Wewe ni mama yao?"

"Mie jirani yao. Mama yao nilimjua, na huyu dada yao namwona kila siku. Uliza."

Mama wa kijana akamgeukia mzima mzima. Hapo ikaanza posa ya kweli, baina ya wanawake wawili, na wanaume wakashika vikombe vyao.

"Binti anasali?"

"Mie msikiti siujui, nitakuongopea. Lakini alfajiri taa yao inawaka kabla ya yangu, na mie naamka mapema kumsumbua Mungu wangu."

"Anapika?"

"Pilau lake sijaonja. Mie sili nyama. Lakini siku anayopika nafunga madirisha, maana nakaribia kuacha dini."

Mshenga akacheka ndani ya sweta. Mama wa kijana hakucheka, lakini alivuta kikombe chake karibu.

"Ana mdomo?"

"Anao. Dada yake anao zaidi. Mtoto asiye na mdomo utampeleka wapi London hii, ataonewa kwenye basi."

"Na huyu dada yake. Kamlea vipi?"

Masi akanitazama. Nilidhani atasema jambo la kunisifu, na nilikuwa najiandaa kuinamisha kichwa. Akasema: "Kwa kelele. Nyumba zetu ukuta ni mmoja, nasikia yote. Umefanya kazi ya shule? Umekula? Umerudi saa ngapi? Miaka hiyo yote sijalala vizuri. Ingekuwa watoto wale hawana mama, mie ningelala."

Mama wa kijana akaweka kikombe chini. Akaiangalia mikono yake myeusi, akamwangalia mumewe, ambaye alikuwa amefanana na nguzo ya umeme iliyoungua, na kitu fulani usoni mwake kikaachia.

"Miye," akasema, "mwanzo nilidhani nyumba ile haina mkubwa. Kumbe ina wakubwa wawili na haina kifuniko." Akamgeukia mshenga. "Haya baba, maliza. Ulifika kwenye ua. Nguo zetu zinangoja kufuliwa."

Mshenga akamaliza, sweta na yote. Nikajibu kwa niaba ya wazee wetu. Na kitinda mimba, aliyekuwa amesimama mlangoni, akapiga kelele kumwambia dada yake ghorofani, nyumba ya pili, kupitia ukuta ule ule, na kwa mara ya kwanza toka shule ya msingi alisema kwa Kiswahili: "Wamekubali!"

Kifuniko kiliwekwa wiki iliyofuata. Fundi yule yule alikipandisha, kidogo, cha chuma, na wavu pembeni, akakikaza, akashuka, chai yake haijapoa. Kabla ya hapo alisafisha dohani toka juu hadi chini, kama inavyopaswa, maana kufunika uchafu si kusafisha. Mjomba alipita Jumapili, akasimama barabarani mikono nyuma, akasema nyumba imependeza, na kwamba yeye siku zote alituambia tufunike.

Lakini lililobaki lilikuwa la Masi. Jioni ile ile ya posa, wageni walipoondoka, nilipiga magoti kwenye chumba chake nikasugua. Magazeti yalikuwa yamesaidia kidogo na kudhuru zaidi, kwa kuwa wino nao ulitoka. Nyayo za baba wa kijana zilikuwa wazi kabisa toka mlangoni mpaka kochini, nyeusi juu ya maziwa.

"Masi, nitakununulia jipya."

"Usinitukane. Hili nilichagua na mume wangu."

"Basi niambie nikulipe nini."

Hakujifanya kwamba hakuna deni. Hilo ndilo nililompendea. Alikaa akafikiri, kweli kweli, kama mtu anayechagua kitambaa.

"Chumba," akasema. "Umechukua chumba changu kwa posa. Nami siku ya posa ya mjukuu wangu nataka chumba chako. Sitaki ukumbi, sitaki hoteli. Watu wetu ni wengi, kwangu hawaenei. Wanaume watakaa kwangu, wanawake kwako. Na wewe utakaa kochi la katikati uwajibu."

Nikamwambia chumba ni chake. Mjukuu mwenyewe wakati huo alikuwa mtoto wa shule, meno ya mbele yameng'oka, hana habari.

Mdogo wangu aliolewa, ana watoto wakubwa sasa, na mama mkwe wake huja kwangu kunywa kahawa na kunikosoa kahawa yenyewe. Masi bado yuko nyumba ya pili. Mwanawe amejaribu kumhamishia kwake, akashindwa. Zulia bado lipo, na nyayo bado zipo ukijua pa kutazama. Mjukuu ana ndevu, ana kazi nzuri, ana fleti yake, na kila akiulizwa habari ya kuoa anasema ni jambo la kulifikiria. Alianza kulifikiria kabla simu hazijawa na picha.

Kitinda mimba anataka nigeuze chumba cha mbele kiwe cha kulala wanawe wakija. Nimekataa. Makochi yako mahali pake, vikombe viko kabatini, na kila Diwali Masi ananiletea sahani ya peremende na swali lake.

"Chumba kipo?"

"Kipo, Masi."

"Huyu mtoto ataniua. Ngoja tu."

Nangoja. Nina deni la chumba kimoja, kochi la katikati, na maneno ya kusema juu ya kijana asiyetaka kuoa, na mdai wangu anazidi kuzeeka.